Kuweka dawa kwenye kizazi cha ng'ombe, farasi na punda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye mabanda ya Rungwe, Uyole, Njombe na Mufindi, mengine usiku kwa simu. Mengi yanahusu ng'ombe wa maziwa, maana ndio tulio nao kwa wingi huku Nyanda za Juu Kusini. Farasi na punda wana sehemu yao kuelekea mwisho, kwa sababu kizazi chao kina mambo yake. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimeelekeza namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Dawa ikishaingizwa kwenye kizazi, inakutana na nini?

Wengi wanakichukulia kizazi kama kidumu: kikichafuka unamimina dawa, unasuuza, kimetakata. Lakini ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando hai, laini, wa rangi ya waridi, ambao wataalamu huuita endometria. Umejaa tezi ndogondogo zinazotoa majimaji ya kukilisha kiinitete siku zake za mwanzo, kabla hakijajishikiza. Kwa ng'ombe utando huo una vinundu kati ya 70 na 120 hivi, mfano wa vifungo vya koti, na hapo ndipo kondo la nyuma linapojifunga.

Utando huohuo hutengeneza prostaglandini, homoni inayoyeyusha kinundu cha njano kwenye ovari pale mimba inapokosekana, ili ng'ombe aingie joto upya. Ukiuharibu utando, umegusa chakula cha kiinitete, mahali pa kondo kushika na saa ya mzunguko wenyewe. Na chochote unachokiingiza kinaugusa utando kabla hakijawafikia vijidudu.

2. Uchafu baada ya kuzaa ni wa kawaida mpaka lini?

Ng'ombe aliyezaa jana ana kizazi chenye uzito wa karibu kilo 9. Ifikapo siku ya 30 kimebaki takriban kilo 1. Kupungua huko kunatoa uchafu, na lazima utoke. Kwa wiki mbili hivi utaona ute mzito wa rangi ya kahawia au nyekundu ya kutu, usionuka vibaya, unaopungua na kuwa mweupe kadiri siku zinavyokwenda. Ng'ombe anakula, anacheua, maziwa yanapanda. Huyo mwache. Karibu kila ng'ombe huingiwa na vijidudu kizazini baada ya kuzaa, na wengi huwasafisha wenyewe.

3. Mtamba wangu ametoa damu siku mbili baada ya joto. Ni ugonjwa?

Hapana. Siku 1 hadi 3 baada ya joto mishipa midogo ya utando huvuja damu kidogo, na kwa mitamba ndiyo huonekana zaidi. Haina maana kwamba mimba imetoka wala kwamba imeshika. Andika tarehe, hesabu siku 18 hadi 20 kutoka hapo, kisha uanze kumwangalia kama atarudi joto. Usiruhusu mtu aweke dawa kwa sababu ya damu hiyo.

4. Nitajuaje kwamba kizazi kinaumwa kweli?

Kuna hali tatu ambazo watu huziita zote "kizazi kimeoza", na tiba zake hazifanani.

Ya kwanza huja ndani ya siku 21 baada ya kuzaa, mara nyingi siku 10 za mwanzo: maji mekundu au ya kahawia, mepesi, yenye harufu unayoisikia kabla hujafika bandani. Ng'ombe anaacha kula, maziwa yanaanguka, homa inapita nyuzi 39.5. Hii ni dharura ya mwili mzima.

Ya pili huonekana siku 21 au zaidi baada ya kuzaa. Ng'ombe ni mzima kabisa, anakula, lakini akilala unakuta usaha sakafuni, au ute wa joto umechanganyika na vipande vyeupe. Ute wa joto ulio salama unafanana na ute wa yai bichi: unang'aa, unavutika, unaona mkono wako kupitia humo.

Ya tatu ni usaha uliofungiwa. Mlango wa kizazi umejifunga, kinundu cha njano hakiyeyuki, ng'ombe haji joto, na mwenye ng'ombe anafurahi akidhani ni mimba.

## Antibayotiki na utando wa ndani

5. Antibayotiki inaua vijidudu. Inawezaje kuumiza kizazi?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Kwenye banda moja la bonde la Kiwira niliitwa kumwona chotara wa Friesian wa mzao wa tatu. Mama mwenye ng'ombe alinishikia tochi ya simu. "Daktari mwanangu," akasema, "tangu awekewe dawa uchafu umeongezeka, si ndiyo inasafisha?" Nilipotoa mkono, kwenye kiganja cha glavu kulikuwa na ute uliokatika kama maziwa yaliyochacha, na katikati yake kijipande chembamba cha kijivu, ukubwa wa ukucha, kilichopinda pembeni. Nilikisugua kwa kidole, hakikusambaa kama usaha. Kilikuwa utando uliobabuka. Siku sita kabla yake alikuwa amepigiwa kizazini oksitetrasaiklini ya sindano, ile nzito ya kutengenezwa kwa ajili ya msuli, bila kuzimuliwa.

Madhara huja kwa njia tatu. Kwanza, kemikali zilizoiyeyusha dawa kwenye chupa, pamoja na ukali wake wa asidi, huunguza seli za juu za utando. Pili, dawa nyingi zikiwa kali kizazini hulemaza chembe nyeupe za damu ambazo mwili umezituma kumeza vijidudu. Unapunguza maadui na askari kwa pamoja. Tatu, mrija wenyewe: ukipita kwenye uke mchafu unabeba vijidudu vya nje hadi ndani, na ukisukumwa kwa nguvu unatoboa.

Utando ulioungua hutoa majimaji, na majimaji hayo yakichanganyika na seli zilizokufa yanafanana na usaha kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka. Ndipo inapoongezwa dozi ya pili.

6. Zipi zinachoma zaidi, na zipi hazifai kabisa?

Kanuni yangu ni fupi: kama kibandiko cha chupa hakisemi "ndani ya mfuko wa uzazi", haiingii kizazini. Oksitetrasaiklini za sindano, hasa zile za kukaa muda mrefu mwilini, zinachoma sana. Enrofloksasini ya sindano pia.

Nyingine hazichomi sana lakini ni kazi bure. Gentamaisini, streptomaisini na neomaisini zinahitaji oksijeni ili zifanye kazi, na kizazi kilichotoka kuzaa hakina oksijeni ya maana. Salfa hushindwa penye usaha na tishu zilizooza. Penisilini ikimiminwa kizazini siku za mwanzo huvunjwa na baadhi ya vijidudu vilivyomo, ingawa hiyohiyo ikichomwa msulini inasaidia. Kwa usaha wa baada ya siku 21 ipo sefapirini iliyotengenezwa makusudi kwa kizazi, na inavumilika vizuri kuliko hizo zote.

7. Utando ulioungua unapona?

Ikiungua ngozi ya juu tu, ndiyo. Mizizi ya tezi ikibaki hai, seli mpya hupanda kutoka humo na kufunika kidonda. Ndivyo kizazi kinavyojifunika chenyewe baada ya kila uzazi, kwa muda wa wiki 3 hadi 4. Ukiunguza kwa kina, au ukirudia kila joto kabla hakijatulia, mahali pa tezi panaota kovu. Kovu halitoi majimaji ya kumlisha kiinitete, wala halirudi kuwa tezi. Wakati mwingine kuta mbili zilizoungua hushikana.

8. Na iodini ya Lugol? Wazee walikuwa wanaitumia.

Walitumia, na wapo wanaoitumia mpaka leo kwa sababu ni nafuu. Iodini inaua kwa kuunguza. Haibagui kijidudu na seli. Utando hubabuka kisha huota upya, na ng'ombe wengine hushika mimba baada ya hapo, ndiyo maana sifa yake haijafa. Tatizo ni kipimo: nimeona chupa zilizochanganywa kwa macho, "mpaka ipate rangi ya chai". Kwa mkono wa namna hiyo nasema hapana. Kwa farasi nasema hapana bila maelezo zaidi.

9. Alisafishwa, baada ya siku kumi akaja joto. Si dalili kwamba amepona?

Ni dalili kwamba utando umechokozwa. Ukiuunguza mapema kwenye mzunguko, unamwaga prostaglandini kabla ya wakati, kinundu cha njano kinayeyuka, na ng'ombe anawahi joto. Ukiuunguza mwishoni mwa mzunguko, joto linaweza kuchelewa. Hakuna kati ya hayo linalosema kitu kuhusu usaha. Uangalie ute wenyewe kama ilivyoelezwa swali la 4, na kama bado una vipande vyeupe usimpandishe kwenye joto hilo.

10. Basi tiba yenyewe ni ipi?

Kwa hali ya kwanza ya swali la 4, yenye homa, tiba ni sindano ya mwilini: penisilini au seftiofu kwa siku 3 hadi 5, pamoja na maji mengi na dawa ya kushusha homa. Usiingize mrija. Ukuta wa kizazi wakati huo ni laini kama parachichi lililoiva na sumu hupenya kwenye damu kirahisi.

Kwa hali ya pili, kama ovari ina kinundu cha njano, sindano ya prostaglandini humleta joto. Mlango unafunguka, kizazi kinajikamua, na joto lenyewe linaongeza ulinzi wa mwili. Sefapirini ya kizazini ni chaguo jingine. Kwa usaha uliofungiwa, prostaglandini ndiyo ya kwanza. Wanawake wenye mimba na watu wenye pumu wasiishike prostaglandini, inapita kwenye ngozi.

## Kondo lililobaki

11. Kondo halijatoka tangu jana. Tuvute, au tuweke vidonge?

Usivute. Kwa kawaida kondo la ng'ombe hutoka ndani ya saa 12, na likipita saa 24 tunasema limebaki. Kulivuta kwa mkono kunang'oa vile vinundu vya swali la 1 na kuacha vidonda mahali ambapo vijidudu vimeshajaa. Kata sehemu inayoning'inia ili asilikanyage, mpime joto kila asubuhi kwa siku 10, mpe maji na majani mazuri. Lenyewe hulegea na kuanguka, mara nyingi ndani ya wiki moja hadi siku 10 hivi. Homa ikija, ndipo sindano ya mwilini.

Vidonge vya kizazi havijaonyesha faida kwenye kushika mimba baadaye. Vile vya tetrasaiklini vina kasoro ya ziada: hupunguza nguvu ya vimeng'enya ambavyo mwili unavitumia kulibandua kondo.

Jambo moja nisilotaka upite bila kulisoma: kondo kubaki, hasa baada ya mimba kutoka miezi ya mwishoni, linaweza kuwa dalili ya bruselosi, ambayo inaambukiza watu. Vaa glavu, fukia kondo kwenye shimo refu lenye chokaa, chemsha maziwa. Damu ya ng'ombe inaweza kupimwa. Uliza ofisi ya mifugo ya wilaya kuhusu maabara ya veterinari iliyopo Iringa.

## Anayerudi joto kila mara

12. Amepandishwa mara tatu hajashika, na ute wake ni msafi. Asafishwe?

Ute ukiwa msafi na mzunguko ukiwa wa siku 18 hadi 24, kizazi si mshukiwa wa kwanza. Anza na saa. Ng'ombe aliyeonekana joto asubuhi apandishwe jioni. Wa jioni, asubuhi yake. Huku kwetu mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija wa mbegu, anaweza kuwa Tukuyu na ng'ombe yuko mlimani, mvua imekata barabara, akafika kesho yake mchana. Halafu kinalaumiwa kizazi.

Uliza pia mbegu iliyeyushwaje. Mrija wa mbegu unataka maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika au zaidi kidogo. Kuuweka kwapani asubuhi ya Julai ni kuupoteza. Kama mnatumia dume la kijiji, yapo magonjwa ya kupandana yanayoua kiinitete kikiwa kichanga, na dawa kwa jike mmoja haitasaidia dume akiendelea kuzunguka. Na tazama hali ya mwili: ng'ombe aliyekonda hatashika, umweke dawa usimweke.

13. Wengine huweka antibayotiki siku moja baada ya kupandisha. Haiui mimba?

Kiinitete cha ng'ombe huingia kizazini siku ya 4 au 5. Kabla ya hapo bado kiko kwenye mrija wa ovari. Kwa hiyo dawa ya siku ya kwanza haikigusi. Lakini kinafika kwenye nyumba uliyoipulizia moto siku nne nyuma. Kwa ng'ombe mwenye ute msafi sioni sababu ya kufanya hivyo.

## Maziwa

14. Dawa iko kizazini, si kwenye kiwele. Maziwa tunaweza kupeleka?

Dawa hupita kutoka kwenye utando kwenda kwenye damu, na kutoka kwenye damu kwenda kwenye maziwa. Oksitetrasaiklini iliyowekwa kizazini hupatikana kwenye maziwa. Fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwa dawa hiyohiyo, kwa njia hiyohiyo ya kutumia. Dawa ya msuli ikiingizwa kizazini, siku za kwenye kibandiko hazihusu tena, na hilo ni sababu nyingine ya kutofanya hivyo.

Kuchemsha hakuondoi. Mtengeneza mtindi anajua haraka kuliko maabara: maziwa yenye antibayotiki hayagandi sawasawa, kwa kuwa dawa inaua kimea chake. Ndoo moja ikichanganywa kwenye tanki la kituo cha kukusanyia, maziwa ya majirani zako wote yanaharibika. Na anayeyanywa, hasa mtoto, anazoesha vijidudu vya mwilini mwake dawa ambayo siku moja ataihitaji.

## Farasi na punda

15. Farasi jike anatibiwa kama ng'ombe?

Hapana. Kwa farasi, kupandwa kwenyewe huwasha uvimbe kizazini, kwa sababu mbegu humwagwa moja kwa moja ndani ya mfuko. Jike mzima hujisafisha ndani ya saa 24 hadi 48. Mwenye umri mkubwa, aliyezaa mara nyingi au mwenye kizazi kilichoning'inia hubaki na majimaji, na kiinitete kikishuka siku ya 6 hivi kinayakuta.

Tiba ya kwanza kwa huyo ni kuyatoa: lita moja moja ya maji ya chumvi yaliyotakaswa, saa 4 au zaidi baada ya kupandwa, na oksitosini ili kizazi kijikamue. Yale maji yanayorudi, yapokee kwenye chombo cha kioo uyatazame mwangani. Yakirudi na ukungu, rudia. Yakirudi kama yalivyoingia, acha. Yapashe hadi joto la mwili. Kwenye baridi ya Mufindi au Makete, chombo kilicholala stoo kinatoka na maji ya kutetemesha.

Antibayotiki huja baada ya sampuli kuoteshwa maabara na kijidudu kujulikana. Wa kawaida ni Streptococcus zooepidemicus na E. koli. Huwekwa wakati wa joto, siku 3 hadi 5. Gentamaisini lazima ichanganywe na sodiamu baikaboneti kwanza ili kupunguza asidi yake. Enrofloksasini ya sindano imeonekana kuvujisha damu, kuua utando na kuacha makovu kwenye kizazi cha farasi. Na antibayotiki ikirudiwarudiwa, huota fangasi, ambao ni wagumu kuliko bakteria walioanza.

16. Kipande cha utando kinachopelekwa kupimwa kinaonyesha nini?

Daktari huchukua kijipande kidogo kupitia mlango wa kizazi, kinatazamwa kwa hadubini, kisha kinapewa daraja kwa mpangilio wa Kenney: I, IIA, IIB au III. Huangaliwa uvimbe, na zaidi kovu lililozunguka tezi. Wa daraja la I ana nafasi ya asilimia 80 hadi 90 ya kubeba mimba hadi kuzaa. Wa III, kama asilimia 10. Kwa farasi aliyewekewa dawa kali mara nyingi, kipimo hiki kinasema kilichobaki. Fanya kabla ya kulipia dawa nyingine.

17. Kondo la farasi nalo tulisubiri saa 24?

Hapana, na hapa kusubiri kunaua. Likipita saa 3, mwite daktari. Kipande kidogo kikibaki kinaweza kuleta sumu mwilini na kuharibu kwato. Likishatoka, litandaze chini ulikague kama limekamilika hadi ncha za pembe zote mbili.

18. Punda je?

Kimsingi ni kama farasi. Ila mlango wa kizazi wa punda ni mrefu na mwembamba zaidi, hujeruhiwa upesi na kushikana ukipona. Punda wa Usangu anayebeba mpunga akipoteza mimba, aangaliwe kwanza mzigo, lishe na minyoo.

## Hali za pembeni

19. Naweza kujiwekea mwenyewe bandani?

Hapana. Kushika mlango wa kizazi kupitia utumbo ni kazi ya kujifunza, na kuamua kwamba dawa haihitajiki ni kazi ngumu zaidi. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kipimajoto, daftari la tarehe za joto na uzazi, na picha ya ute kwenye glavu safi. Nikipokea hivyo vitatu kwa simu, nusu ya kazi imeisha.

20. Aliwekewa dawa, kumbe alikuwa na mimba. Sasa?

Wapo ng'ombe wachache wanaoonyesha joto wakiwa na mimba, ndiyo maana kizazi hupapaswa kabla mrija haujaingizwa. Mrija ukipita, ute mzito unaoziba mlango umevunjika, na mara nyingi mimba hutoka siku chache baadaye. Hakuna dawa ya kuurudisha ute huo. Usimpe prostaglandini wala usimrudishie mrija. Mtenge mahali pakavu, mpime joto asubuhi na jioni, tazama uke kila siku kama kuna damu au harufu. Mimba ikitoka, fuata swali la 11. Asipotoa kitu, apapaswe tena baada ya wiki tatu. Nimewahi kumkuta mmoja, Igawilo, bado amebeba.